Mabati ya Mama na Swali Nililolimeza

Kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na leo nimekaa kuiandika kwa sababu nina hasira. Usiisome kwa haraka. Mimi mwenyewe naandika polepole, kwa mkono uliozoea jembe, na shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini hasira niliyo nayo haikuhitaji shule.

Ilinipanda Jumatano iliyopita pale ofisi ya kijiji. Yule kijana mtaalamu alikuwa anatueleza namna wakulima watakavyojiandikisha kwa simu. Akasema tubonyeze nyota, halafu namba kadhaa, halafu alama ya reli. Mama Fatu akanyoosha mkono akauliza, "Mwanangu, hiyo reli iko wapi kwenye simu yangu?" Nyinyi vijana mliokaa nyuma mkacheka mpaka benchi likatikisika. Mmoja akasema, "Mama Fatu anasubiri treni." Mkacheka tena. Wewe ulikuwa katikati yao, nilikuona. Mama Fatu akaifunga simu yake kwenye pindo la khanga.

Mtaalamu alipouliza kama tumeelewa, tukaitikia sote, "Ndiyooo." Sote! Na kesho yake watu wazima na akili zao walikuja kwangu mmoja mmoja, kila mmoja akitazama nyuma asionekane, kuniuliza hiyo reli iko wapi. Walikuwa na swali lile lile la Mama Fatu. Walikaa nalo mfukoni wakati yeye anachekwa.

Jumatano ile nilirudi nyumbani siwezi kula. Kwa hiyo kaa chini, nikusimulie siku niliyocheka mimi.

Ilikuwa miaka ile ruksa ilipoanza, serikali ilipowaachia watu binafsi biashara. Kabla ya hapo mikorosho yetu huku Newala ilikuwa imeachwa. Watu walipohamishiwa kwenye vijiji, mashamba yalibaki mbali, majani yakaota mpaka kiunoni, na ugonjwa wa ubwiri ukaingia. Ni unga mweupe unaotanda kwenye maua mpaka yanageuka meusi na kudondoka. Baba alikuwa akipita chini ya mikorosho ya babu yangu anainamisha kichwa, kama anapita makaburini. Sasa ikaanza kusikika kwamba wanunuzi binafsi wanakuja, kwamba bei itapanda, na kwamba kuna dawa ya unga wa njano, salfa, inayozuia ubwiri. Watu wakatafuta mapanga yao wakarudi mashambani. Kila nyumba uliyoingia ilikuwa na habari moja tu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa na haya kupita kiasi. Nikitumwa dukani nilizunguka nyuma ya duka nikisubiri watu wapungue. Lakini kwenye mtaa wetu ni mimi niliyekuwa nikisoma na kujibu barua za watu, basi wakanipa jina la Mwalimu. Jina hilo lilinipendeza, na pia lilinitia hofu. Mtu ukishaitwa Mwalimu unaona aibu kusema hujui.

Bwana shamba akaja kwa pikipiki kutoka Masasi. Alikuwa kijana wa mikoa ya mbali, amevaa kofia nzuri na shati lililopigwa pasi. Tulikusanyika kwenye darasa la shule ya msingi, wazee kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Akasema vizuri sana. Salfa ipulizwe wakati upepo umetulia, irudiwe kwa vipindi, kwa kiwango kinachotakiwa. Mimi nikaandika yote kwenye daftari, neno kwa neno, na mistari nikaipigia rula. Ungeliona daftari lile ungesema mwenye nalo ni mtaalamu. Lakini vipindi vyenyewe ni vingapi? Kiwango ni kipi? Sikujua, na nilijua kwamba sijui. Swali lilikuwa mdomoni kabisa. Nilikuwa nalipangapanga tu ili lisikike kama swali la mtu aliyesoma.

Bibi Somoe akanitangulia. Alikuwa mjane, shamba lake limepakana na letu, mikorosho yake michache tu. Alianza kwa Kimakonde. Bwana shamba akasema, "Bibi, sema Kiswahili tukuelewe." Bibi Somoe akasita, akajikusanya, akasema kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno:

"Baba, umesema upepo ukitulia. Hapa kwetu juu upepo unatulia saa ngapi? Maana wewe umefika saa nne, na tayari umeishika kofia yako isiruke."

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia kwenye mkutano. Nililitambua pale pale. Bwana shamba akawatazama waliokaa mbele, akatabasamu. "Bibi, upepo hauvai saa ya mkononi. Kauulize wenyewe."

Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wengi, mwanangu, mpaka nikainama juu ya daftari langu la rula. Nilicheka kwa sababu niliona ningeweza kuwa mimi niliyesimama pale. Bibi Somoe akakaa. Bwana shamba akauliza, "Kuna swali lingine?" Na langu nikalimeza.

Sasa nikueleze habari ya mabati, maana hasara yenyewe iko hapo.

Nyuma ya mlango wa nyumba yetu kulikuwa na mabati yameegemezwa ukutani. Yalikuwa ya mama. Kaka yake aliyekuwa akilima kule Lulindi alimletea moja moja kwa miaka mingi, kila msimu wake ulipokuwa mzuri, ili siku moja nyumba iezekwe na maji ya mvua yaingie kwenye kisima cha kuyahifadhi uani. Wewe umezaliwa ukalikuta bomba, kwa hiyo nikukumbushe. Huku juu ardhi inakunywa mvua yote haibakizi. Mama alikuwa anashuka bondeni kukiwa bado na ukungu na kurudi jua limeshapanda, ndoo kichwani, na njia ile imesimama kama ngazi. Nyasi za paa hazikupi maji ya kunywa, zinakupa maji ya rangi ya chai. Mabati yale yalikuwa miguu ya mama yangu. Kila Ijumaa aliyapangusa vumbi.

Baba akamwambia, "Mama Issa, tukiyauza haya tunapata salfa na tunakodi mashine ya kupulizia. Korosho zikitoka tunanunua mengine, tena mapya."

Mama hakumtazama baba. Alinitazama mimi. "Issa, wewe ulikuwepo kule. Hiyo dawa umeielewa?"

"Nimeielewa, mama."

"Inapulizwa mara ngapi?"

Nikafungua daftari. Lilikuwa limeandikwa *vipindi*, kwa mwandiko mzuri. Baba ananitazama, mama ananitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui, nikakimbie kumwuliza bwana shamba kabla hajaondoka, maana alikuwa bado anakula kwa mwenyekiti. Nyumba ya mwenyekiti ilikuwa inaonekana kutoka mlangoni petu. Nikasema, "Mara moja. Lakini nyingi."

Baba akapiga paja lake. "Si nilikwambia? Mtoto amesoma huyu."

Mama akapitisha kiganja juu ya bati la mbele, akalitazama vumbi lililobaki mkononi. "Haya," akasema. "Yachukueni."

Mabati yakanunuliwa na mfanyabiashara mmoja wa Mkomaindo pale Masasi, na baba akarudi juu ya lori, amekalia mifuko ya salfa kama bwana harusi. Mashine ilikuwa ya kukodi, na walioamka mapema waliichukua kwanza, kwa hiyo ilitufikia saa tano. Upepo ulikuwa tayari unavuma. Baba akajifunga shati mdomoni, akaiwasha, na wingu la njano likatoka kubwa, zuri, likapita juu ya mikorosho yetu likaenda kukaa kwenye mihogo ya watu. Macho yalituwasha siku mbili. Tulimaliza mifuko yote siku ile ile, maana Mwalimu alisema mara moja lakini nyingi. Baba alikuwa anacheka ndani ya shati. Nami nilipoona anafurahi, nikafurahi.

Wiki chache baadaye maua yakapata unga mweupe. Halafu yakawa meusi. Halafu ukipita chini ya mikorosho ulisikia yanapasuka chini ya ndala. Msimu ulipofika tuliokota korosho za kujaza kikapu kimoja cha mama. Baba hakunilaumu. Alisema salfa ilikuwa mbovu, kwamba hawa wafanyabiashara wa ruksa wameichanganya na unga wa muhogo. Alisema hivyo barazani kila jioni, na mimi nikaitikia. Niliitikia, mwanangu! Nikamwacha baba yangu anawatukana watu wasio na kosa ili jina langu la Mwalimu libaki safi.

Na ng'ambo ya mpaka wa shamba letu, kwa Bibi Somoe, mabibo yalikuwa yamening'inia mekundu na ya njano mpaka matawi yakainama.

Mama akaendelea kushuka bondeni. Na kila Ijumaa nilikuwa namwona ameshika kile kitambaa cha kupangusia, anatafuta cha kupangusa. Nikashindwa kuvumilia. Nikakata mti wa mzega wa kubeba begani, nikafunga madebe mawili, moja mbele moja nyuma, nikaanza kushuka naye. Vijana wenzangu walinicheka njia nzima. Hilo lilinistahili.

Siku moja nilimtangulia mama kupanda. Katikati ya mteremko kuna jiwe bapa ambapo watu hutua mizigo. Nikamkuta Bibi Somoe ameketi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Siku hizi Mwalimu anateka maji?"

Nikatua madebe.

"Siku ile ulicheka vizuri," akasema. "Meno yako yote niliyaona. Unayo mazuri, Mungu akutunzie."

"Nisamehe, bibi."

"Sikukuomba unisamehe. Nimekuona unatazama mikorosho yangu tangu msimu uanze. Kila siku unapita kwenye mpaka, unatazama, unakwenda zako. Una kitu unataka?"

"Hapana, bibi. Natazama tu."

"Natazama tu!" Akapiga jiwe kwa kiganja. Kumbe alikuwa na hasira tangu mwanzo. "Baba yako ameangamiza mabati ya mwanamke mwenzangu, mama yako anamaliza magoti kwenye njia hii, na wewe unatazama tu! Mdomo umepewa wa kuchekea? Uliza!"

"Niulize nini, bibi?"

"Si hilo, lile la mikorosho! Uliza!"

Hakukuwa na mtu mwingine pale zaidi yetu wawili na maji. Nikasema, "Bibi, ulifanyaje?"

Uso wake ukalegea. Akasogea, akanipa nafasi kwenye jiwe.

Alinieleza hivi. Baada ya mkutano hakwenda nyumbani. Alimsubiri bwana shamba kwenye pikipiki yake. Akamwambia, "Baba, kunicheka umeshanicheka, hiyo imepita. Sasa nijibu." Na yule kijana, alipoona hakuna watu wa kuchekesha, akainamisha macho akasema, "Bibi, kusema kweli sijui. Kwetu mikorosho hakuna. Haya nimeyasoma kwenye kitabu." Lakini habari ya vipindi aliijua, akamweleza: mara tano, kila baada ya wiki mbili, kidogo kidogo kwenye kila mti, tangu maua yanapoanza kuchomoza.

Habari ya upepo Bibi Somoe akaitafuta mwenyewe. Alichana khanga yake iliyochakaa, akafunga vipande kwenye matawi ya mikorosho yake. Akawa anavitazama. Mchana vinapigapiga. Jioni vinapigapiga. Alfajiri, vinaning'inia wima, havitikisiki, tena vimelowa umande. Akachukua majivu ya jikoni, akayapuliza kwenye majani alfajiri, akayapuliza tena mchana kwenye mti mwingine. Ya mchana yalikwenda na upepo. Ya alfajiri yalinasa kwenye umande yakabaki. "Majivu hayanigharimu kitu," akasema. "Nilitaka yanifundishe kabla sijaigusa salfa." Bwana shamba alipopita tena akamwonyesha vile vitambaa. Yule kijana akatoa daftari lake akaandika.

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Mwanamke ambaye hakuwahi kushika kalamu alikuwa amempa mtaalamu somo, na mimi mwenye rula nilikuwa nimempa baba yangu uongo.

"Yule kijana alinicheka kwa sababu hakujua," Bibi Somoe akasema akijitwisha ndoo. "Na wewe ulicheka kwa sababu hukujua. Mkafanana. Mama yako anajua?"

"Kwamba nini, bibi?"

"Kwamba hukuelewa."

Akanitazama mara moja tu, akapanda zake.

Mama alinikuta bado nimekaa pale pale. Akatua ndoo. Nikamwambia, na sikupamba. Nilimwambia bwana shamba alisema vipindi, nami sikujua ni vingapi, nikaona haya kuuliza, nikasema mara moja. Nikamwambia salfa haikuwa mbovu.

Nilitegemea atalia. Mama hakulia, alikasirika. Sijawahi kumwona vile kabla wala baadaye.

"Kushuka huku nimeshazoea, Issa," akasema. "Nimeshuka nikiwa msichana, nimeshuka na mimba yako. Njia haijanishinda. Lakini nilikuuliza wewe! Sikumwuliza baba yako, nilikuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwepo. Ungesema sijui, ningekupenda vile vile, na mabati yangu yangekuwa nyuma ya mlango. Nani alikwambia mimi nataka mtoto anayejua kila kitu?" Akaniashiria nimtwishe ndoo. "Leo jioni utamwambia baba yako. Barazani, mbele ya wale waliomsikia akiwatukana wafanyabiashara."

Nilimwambia. Sauti yangu haikusikika mara ya kwanza, mzee mmoja akasema, "Paza, Mwalimu." Nikapaza. Baba aliondoka barazani akaingia ndani, na siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne alinikuta nikichana shati langu la zamani vipande vya kufunga kwenye matawi. Akasimama. Akasema, "Funga na upande wa bondeni. Kule unavuma tofauti." Akanishikia tawi.

Msimu uliofuata bwana shamba alikuja tena. Nilikuwa nimekaa nyuma. Kabla hajamaliza kuuliza kama kuna swali, baba akasimama akasema kwa sauti ya kuita ng'ambo ya bonde, "Mwanangu analo!" Nikasimama. Nikauliza kuhusu kiwango, ni kiasi gani kwa mti mdogo na kiasi gani kwa mti mkubwa. Kijana mmoja akaanza kucheka. Bibi Somoe akageuka kwenye dawati lake akamtazama tu, kicheko kikamfia mdomoni. Na bwana shamba akajibu vizuri, kwa mfano wa kikombe tulichokijua sote.

Mwanangu, mabati hayakurudi msimu ule, wala uliofuata. Mjomba wa Lulindi alikuwa ameshazeeka. Tulinunua machache machache, na miaka ikapita mingi ya kuhesabu kwa nyayo za mama. Nyumba ilipoezekwa hatimaye, mvua ya kwanza ilinyesha adhuhuri. Mama alitoka na fimbo, maana goti lilikuwa limeshaharibika, akasimama pembeni ya kisima akisikiliza maji yanavyoanguka ndani. Sisi tulikuwa tunashangilia. Alikinga kiganja chini ya mfereji, akanywa. Kisha akaniambia, bila hasira sasa, "Maji matamu. Yamechelewa kwa swali moja tu, Issa."

Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo, na mzega ule ulikuwa mwepesi kuliko hayo.

Sasa nakuambia wazi, usije ukasema niliongea kwa mafumbo. Usipoelewa, sema sijaelewa, hapo hapo, kabla watu hawajatoka mlangoni. Usilipambe swali lako mpaka likaozea mdomoni. Daftari zuri si akili, na simu nzuri pia si akili. Ukipewa maelezo yasiyojibu hali ya kwetu, chana khanga, puliza majivu, jaribu kwa kitu kisichokugharimu mpaka ukione kwa macho yako. Na ukisimama wewe kufundisha, halafu ukaulizwa usilolijua, sema hujui. Anayemcheka muulizaji anaziba midomo ya darasa zima, na kesho watu watauza mabati ya mama zao kwa kukisia. Hilo silivumilii, kwako wala kwa mtaalamu yeyote atakayekuja na gari lolote.

Kesho asubuhi nenda kwa Mama Fatu. Msalimie kwa heshima zote, umwombe radhi, umwonyeshe reli iko wapi. Kisha kaa umwulize na wewe jambo moja analolijua usilolijua. Yako mengi, nakuhakikishia.

Mola akupe haya mbele ya uovu tu, wala si mbele ya swali. Akupe ulimi wa kusema sijui ukiwa ungali na nafasi ya kwenda kuuliza. Na maji ya nyumba yako, mwanangu, yasichelewe kama yalivyochelewa ya bibi yako.